Bolti Nne kutoka Uyole hadi Iringa

Jumapili ile baada ya ibada kila mtu aliniuliza basi lililoegeshwa nyuma ya kanisa lilikuwa la nini, na mbona lilikuwa linamwaga povu kwenye mtaro. Sikuwajibu vizuri. Nilikuwa na wageni, na uchovu ulikuwa umeniingia mpaka kwenye mifupa. Sasa wakwe zangu wamesharudi Mbeya na mimi nimepata nafasi ya kukaa. Wanakwaya wenzangu, chemsheni chai, maana habari hii haisimuliki kwa kusimama.

Ninyi mnanijua kama mtu wa sauti ya pili, lakini kazi inayonilisha ni kutengeneza majokofu na mashine za kufulia. Kumbukeni hilo, na kumbukeni pia kwamba nimeolewa na Mnyakyusa. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyogongana njiani.

Mama mkwe wangu, ambaye nitamwita Mama tu, alipata kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia umelegea na maneno yanatoka polepole, ila akili yake ni nzima kuliko yangu. Kilichomvunja moyo si mkono. Ni mkojo, ambao siku hizi haumpigii hodi kabla ya kuja. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akipiga pasi hata vitambaa vya kufutia vyombo. Tangu augue hajalala nje ya nyumba yake hata siku moja. Alikosa msiba wa dada yake kwa aibu hiyo, na kwa Mnyakyusa kukosa msiba wa ndugu si jambo dogo. Tena mvua zikianza kule Uyole, shuka hukaa kwenye kamba siku tatu na bado zinanuka ubichi.

Halafu binti yangu Lugano akafikia kupata kipaimara. Alimpigia bibi yake simu mwenyewe, akamwambia, "Bibi, usipokuja na mimi sisimami mbele." Mama akajibu, "Nitakuja kama nitalala pakavu."

Baba mkwe alilichukua neno hilo kama amri. Aliendesha malori ya masafa marefu mpaka nywele zikawa nyeupe, na huko mipakani aliwaona watalii wakisafiri na magari yenye kitanda na jiko ndani. Akatafuta basi dogo lililokuwa la shule, akang'oa viti, akaweka kitanda, tenki la maji na jenereta. Ikabaki kufunga mashine ya kufulia na ya kukaushia, moja juu ya nyingine kwa sababu nafasi ni finyu. Fundi wa familia ni mimi, kwa hiyo nikaitwa.

Mlioolewa Unyakyusa mmeshaanza kutikisa kichwa. Kwa wengine nieleze. Kwa watu wa kizazi cha wakwe zangu, mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Humtazami usoni, hampishani mlangoni, hamli pamoja, na jina lake hulitamki. Vijana wengi wameshaacha. Mimi Mama alinifundisha wiki ya kwanza ya ndoa, nikaona ni mateso, baadaye nikazoea, na mwisho nikaipenda. Miaka kumi na tano Baba hajawahi kuniambia neno wala mimi kumwambia yeye. Tunapendana kupitia watu wengine. Ndiyo maana hata humu hamtaliona jina lake.

Iringa hadi Uyole, na fremu mapajani

Nilipanda basi la asubuhi pale Ipogolo nikiwa na kisanduku cha spana na fremu ya chuma niliyoichomelea mwenyewe, ile inayokaa kati ya mashine mbili ili ya juu isiteleze. Kondakta alitaka kuitupa kwenye buti. Nikakataa, nikaipakata kama mtoto.

Jirani yangu kwenye kiti alikuwa bibi mmoja wa Makete, amejifunga shuka mbili na kofia ya sufu. Aliitazama fremu mpaka Ifunda, ndipo akashindwa kuvumilia.

"Kamwene. Hiyo unaweka picha ya nani? Ni ya marehemu?"

"Kamwene, bibi. Si ya picha. Ni ya mashine ya kukaushia nguo."

"Ya kukaushia?" Akageuka mwili mzima. "Na jua mmelipeleka wapi?"

Nilimweleza habari za Mama. Sijui kwa nini nilimweleza yote, hata ya shuka. Mgeni wa kwenye basi humwambia usiyomwambia mchungaji wako. Bibi alisikiliza bila kunikatiza. Tulipokaribia Makambako alifungua kikapu, akanipa viazi viwili vya kuchemsha vilivyokuwa bado na joto, akasema, "Huyo mumpeleke. Mtu akifichwa na aibu yake ni sawa na kumfungia ndani." Akashuka, na viazi nikavila kwa chumvi aliyoniachia kwenye kipande cha gazeti.

Siku mbili Uyole

Nilidhani kazi ni ya siku moja. Kosa la kwanza.

Mlango wa basi ulikuwa mwembamba kuliko mashine kwa upana wa vidole vitatu. Baba alikuwa amepima mlango, akapima na mashine, lakini alisahau mkono wa chuma ambao wanafunzi walikuwa wakiushika wakipanda. Mkono ule ulikuwa umeunganishwa na nguzo ya mlango, haung'oki. Mlango wa dharura nao ulikuwa mwembamba zaidi, ikabidi tutoe kioo kizima cha nyuma na kupitishia mashine hapo, majirani wanne wakisukuma na mimi ndani nikipokea.

Baba alikuwa akisimama mbele ya boneti, mimi nikiwa nyuma kabisa. Katikati alikuwa wifi yangu Sekela, binti yao wa mwisho anayemuuguza Mama, akienda na kurudi na maneno yetu. Cha kuchekesha ni kwamba Baba alikuwa anasikia kila ninachosema na mimi namsikia yeye. Lakini neno lisipopitia kwa Sekela lilikuwa halijasemwa.

Jambo tulilobishana sana lilikuwa bolti. Mashine ya kufulia huja na bolti nne mgongoni zinazobana pipa la ndani lisicheze njiani. Ukifika nyumbani unazitoa mara moja, maana pipa lazima liwe huru lizunguke. Sasa kwenye basi nyumbani ni wapi na njiani ni wapi?

"Wifi, mwambie Baba kila tukisimama kufua nitazitoa, na kila tukiondoka nitazirudisha."

Sekela akaenda, akarudi. "Baba anasema mashine iko safarini siku zote. Bolti zikae tu."

"Mwambie ikifua na bolti zake itatembea yenyewe mpaka Tunduma."

Kutoka upande wa boneti nikasikia kicheko cha puani, kifupi. Sekela hakuwa hata amepiga hatua. Ndiyo siku niliyojua kwamba Baba ana utani.

Basi nikakata mlango mdogo kwenye bati la nyuma ili bolti zifikiwe kutoka nje kwa spana namba kumi. Nikafunga fremu, nikafunga mikanda miwili ya mizigo, nikapima kwa pima maji mpaka kiputo kikatulia katikati. Kati ya mashine ya juu na dari palibaki vidole viwili. Upande huo wa nyuma tukauzungushia pazia la kitenge, na hapo ndipo palikuwa kiti changu, karibu na mlango wa dharura. Pazia la pili likawekwa nyuma ya kiti cha dereva. Katikati ya mapazia mawili ndipo palipokuwa kitanda cha Mama.

Tulipojaribu kufua kwa mara ya kwanza Sekela alikusanya nguo za kila mtu, hata zangu. Mama akiwa kitandani akanyoosha ule mkono mzima.

"Za baba yenu... na za mama Lugano... hazichezi pamoja."

Kwa hiyo zangu nikafua kwa mkono kwenye ndoo. Fundi wa mashine nimechutama pembeni ya mashine niliyoifunga mwenyewe, nasugua. Nilicheka peke yangu, na kidogo iliniuma.

Uyole hadi Makambako

Tuliondoka Jumamosi asubuhi, na kipaimara ni Jumapili. Mama alikuwa na shuka sita, kanga nane, na gauni jipya la rangi ya maziwa ambalo Sekela alilining'iniza kwenye msumari juu ya kitanda. Mama alilitazama njia nzima kama mtu anayetazama saa.

Kule Igurusi tulinunua wali na maharage, tukala kila mtu upande wake wa pazia. Chimala tulisimama Baba aangalie matairi. Basi lile ni jeupe, lina tenki juu na bomba pembeni. Nikiwa nimefungua mlango wa nyuma nipate hewa, akaja mama mmoja na mtoto mgongoni, akauliza kwa heshima zote, "Nesi, chanjo mnaanza saa ngapi?"

"Hapa si kliniki, mama."

"Mbona nimeona kitanda na mgonjwa?"

Nyuma yake walikuwa wameshajipanga wengine watatu. Mmoja ameshika kadi ya mtoto. Nikawafungulia pazia, nikawaonyesha mashine. Wakaitazama, kisha yule wa kwanza akasema, "Kumbe mnafua. Basi na mimi ninazo za huyu hapa, zimejaa ndoo." Tukacheka wote. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue.

Kisha kicheko kikakatika. Niliuona uso wake na nikajua. Sekela akafunga pazia. Hiyo ilikuwa shuka ya kwanza.

Ya pili ilikuwa kabla ya Igawa, barabara ilipotutikisa. Ya tatu, ya nne na ya tano zilikuja tulipoanza kupanda na baridi ikaingia. Siwaelezi haya ili mumsikitikie. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi leo nimekuwa kata. Nawaeleza kwa sababu Mama mwenyewe ameniruhusu. Alisema, "Andika. Kuna mwingine... amejifungia."

Tulipopita Makambako ilikuwa imebaki shuka moja. Pembeni yangu ndoo ya nguo zilizolowa ilikuwa imejaa mpaka juu.

Nyololo

Kabla tu ya Nyololo Mama alisema neno ambalo nilikuwa naliogopa tangu asubuhi.

"Nirudisheni nyumbani."

Sekela akaanza kulia. Yule binti amemnyanyua mama yake mwaka wa pili sasa na mgongo wake umeshalalamika. Kupitia kwenye pazia la mbele tukasikia Baba akipunguza mwendo. Hakuuliza. Aliegesha kwenye uwanja wa malori, akazima injini.

Nilitoka nyuma ya pazia langu, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nipe saa mbili. Zikipita hujapata shuka kavu, mimi mwenyewe nitasema turudi."

Alinitazama. "Saa mbili."

Niliweka vipande vya mbao chini ya matairi mpaka basi likakaa sawa. Nikatoa bolti zote nne. Jenereta likawashwa. Mashine ikaanza kufua, na watu wa Nyololo wakaanza kukusanyika, maana kusikia basi linaloguna wakati limesimama si kila siku. Dada mmoja muuza mahindi ya kuchoma alinisogezea gunia nikae. "Kaa mwaya, utasimama mpaka lini? Hiyo dude yako haikimbii." Tukala mahindi tukitazama povu likizunguka kwenye kioo, na sikumbuki kama niliwahi kuiombea mashine kabla ya siku hiyo.

Zilipobaki dakika chache saa mbili zitimie, nilifungua mashine ya juu. Nilichukua shuka ya kwanza nikampelekea Mama kabla hata sijaikunja. Akaiweka shavuni. Ilikuwa na joto la mkate. Alifumba macho akakaa nayo hivyo.

"Twende Iringa," akasema.

Sekela alianza kumbadilisha, akafunga mapazia. Mimi nikatoka nje kwa mlango wa dharura, nikaufunga, nikafungua ule mlango mdogo ili nirudishe bolti. Nilishakaza mbili za upande wa kushoto. Mbili za kulia zilikuwa mkononi. Hapo injini ikawaka.

Baba alikuwa amesikia "twende Iringa" ya mkewe, na mtu huyo hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi yangu. Mwingine yeyote angepiga kelele: "Baba, subiri!" Maneno mawili. Yalikuwa hapa, kwenye ulimi. Lakini miaka kumi na tano si mchezo. Mdomo ulikuwa mzito kama umewekewa kufuli. Nikafanya lililonijia haraka, nikagonga bati la basi kwa ngumi, mara mbili. Ngo, ngo.

Basi likaondoka.

Nilibaki nimesimama kwenye moshi, spana mkono mmoja, bolti mbili mkono mwingine. Yule dada wa mahindi alilitazama basi, akanitazama mimi. "We dada, si umewaruhusu mwenyewe?"

Kwenye lori la mbao

Nilimpigia Sekela simu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena mara nne. Ya Baba ninayo namba, mume wangu aliniwekea tangu zamani kwa ajili ya dharura. Nililitazama lile jina la "Baba Mbeya" kwenye kioo cha simu, kidole kikagoma. Mnaweza kunicheka. Mimi mwenyewe nilijitukana kwa Kihehe, kimoyomoyo.

Aliyenipa lifti ni dereva wa lori la mbao anayekwenda Mafinga, Mbena wa umri wangu, mpole, anayetafuna karanga bila kupumzika. Nilipomweleza alipunguza sauti ya redio.

"Uligonga ngapi?"

"Mbili."

"Aa, mama! Kwa dereva wa malori, utingo akigonga mbili ndiyo ruhusa. Moja ndiyo simama. Huyo mzee wako hajakosea chochote."

Nikakaa na jambo hilo kilomita nyingi, misonobari ikipita pande zote mbili. Nilikuwa nimejivunia ukimya wetu, nikidhani mimi na Baba tunaelewana bila maneno. Kumbe kila mmoja alikuwa na lugha yake ya kimya, na hatukuwahi hata kuulizana. Nilimwazia Mama pale kitandani. Pipa lile likicheza na bolti mbili tu, linaweza kung'oa bomba na kumwaga maji. Na Mama akilowa kwa maji ya mashine yangu baada ya kuniamini saa mbili, sitakuwa na uso wa kumwomba tena. Moyo uliniuma, na nikamwambia yule dereva hivyo hivyo, kwamba moyo unaniuma. Akanipa karanga.

Mlimani, kabla ya Mafinga

Tulilikuta basi limeegeshwa kwenye mteremko, majani ya miti yametandazwa barabarani mbele na nyuma. Dereva wa mbao hakuweza kusimamisha mzigo ule mlimani zaidi ya dakika moja. Nikaruka, akapiga honi, akaenda.

Haya ndiyo yaliyokuwa yametokea ndani. Pipa lilianza kugonga kilomita chache tu kutoka Nyololo, ngo ngo, ngo ngo. Sekela alilisikia nyuma ya pazia langu, akadhani napigilia bolti. Baba alilisikia kwa mbali, akadhani ni mimi nagonga mbili mbili kumhimiza aongeze mwendo, naye akaongeza! Simu ya Sekela ilikuwa inachaji mbele. Baba aliliona jina langu, akadhani namwita wifi yangu kutoka nyuma kwa sababu kelele zimezidi. Na simu ya mkamwana si ya kupokea. Gari zima liliamini mimi nimo ndani.

Aliyegundua ni Mama. Alisema, "Mama Lugano hana fujo namna hiyo. Fungua pazia." Sekela akafungua, akakuta kiti kitupu na maji yanachuruzika kuelekea kitandani. Akapiga kelele, Baba akaegesha hapo hapo.

Nilipoingia Sekela alikuwa ameshayazuia kwa mataulo. Kitanda kilikuwa kikavu. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Bomba lilichomoka, hilo ni jambo la dakika tano. Lakini springi moja inayobeba pipa ilikuwa imetoka kwenye ndoano yake, na kuifikia ni lazima ufungue mfuniko wa juu, na juu ya mfuniko ndiyo imekaa mashine ya kukaushia. Mzigo wa watu wawili wenye nguvu. Sekela na mgongo wake hawezi.

"Wifi," nikasema, "tusimamishe gari, tuombe mtu atusaidie."

Sekela alishuka. Yakapita magari matatu, manne, yanashuka mlima kwa kasi, hakuna anayethubutu kusimama. Kiza kilikuwa bado mbali lakini ukungu ulikuwa umeanza kushuka. Mama aliita kutoka kitandani, si mimi wala Sekela. Alimwita mumewe kwa Kinyakyusa, maneno matatu au manne ambayo sikuyaelewa na sijayauliza mpaka leo.

Pazia la mbele likasogea. Nikageukia ukuta, kama nilivyofundishwa. Nikasikia viatu vyake vikija, vikasimama.

"Sekela," akaanza, "mwambie..."

Sekela alikuwa barabarani. Hapakuwa na mtu wa kuambiwa. Nilisikia pumzi zake. Na zangu.

"Mama Lugano," Baba akasema. "Niambie nifanye nini."

Sauti ile niliijua miaka kumi na tano, lakini haikuwahi kuja upande wangu. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana mikono ilikuwa na grisi.

"Baba," nikasema, "shika upande wa dirishani. Chini, kwenye pembe. Nikisema tatu tunainua."

"Nimeshika."

Tukainua. Tulisimama uso kwa uso na bado hatukuonana, kwa sababu ile mashine ilikuwa katikati yetu, kubwa na nyeupe, kama pazia jingine. Niliona vidole vyake tu vikiwa vimeshika pembe, vinene, vimepasuka kwenye ncha. Nilimwambia rudi nyuma, akarudi. Nilimwambia shusha polepole, akashusha. Nikarudisha springi, nikakaza bomba, tukainua tena, nikafunga mikanda. Nikatoka nje, nikatia bolti mbili zilizokuwa zimetoka Nyololo mfukoni mwangu.

Alipokuwa anarudi mbele alisema bila kugeuka, "Ulipogonga pale, ulikuwa unasema simama."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilisikia twende." Akasogeza pazia. "Ndaga, asante mwanangu. Pole."

Iringa

Tulifika taa za mjini zikianza kuwaka. Mume wangu alikuwa amewasili kutoka kazini Dodoma mchana, akaja kumpokea mama yake kwa mikono miwili. Mama akamwambia, "Nimelala pakavu toka Nyololo." Mume wangu hakuelewa uzito wa neno hilo.

Mlimwona Jumapili, benchi la pili, gauni la rangi ya maziwa. Mlimwona Lugano akipiga magoti na bibi yake akimtazama bila kupepesa. Ambalo hamkuliona ni kwamba wakati wa wimbo wetu wa mwisho Mama alimshika Sekela mkono, wakatoka polepole kwa mlango wa pembeni. Zamani angeomba kupelekwa nyumbani. Safari hii alikwenda kwenye basi, akavaa kitenge kikavu, akarudi kwenye picha, akasimama kando ya mjukuu wake kwa fimbo. Lile povu mlilouliza ndilo gauni lenyewe lilikuwa linafuliwa. Lilikauka kabla hatujamaliza pilau.

Jioni nilikwenda kufua. Ndani ya ndoo ya kufua, juu ya shuka za Mama na blauzi yangu ya kwaya, nikakuta shati la Baba, lile la safari, lenye grisi ya ile mashine begani. Nilimwita Sekela.

"Hili limekosewa. Litenge."

"Halijakosewa," Sekela akasema. "Kaliweka mwenyewe. Nimemwona."

Nililifua pamoja.

Jumanne wakaondoka. Mama alikaa dirishani, akamwambia Lugano, "Krismasi... nitarudi. Uniwekee nafasi." Nilizunguka nyuma, nikafungua mlango mdogo, nikazikaza bolti moja moja huku nazihesabu kwa sauti. Injini ilikuwa imeshawaka, inanguruma, lakini basi halikutoka. Nikaenda mpaka chini ya dirisha la dereva, macho yangu kwenye tairi.

"Baba, bolti zote nne zimo ndani."

"Nimesikia," akasema kutoka juu. "Haya, gonga basi."

Nikarudi nyuma ya basi, nikakunja ngumi, nikagonga mara mbili.